Shukrani Ifike Mlangoni

Sisi tulioolewa na wanajeshi hapa Mwanza, kila tukikitazama kisiwa cha Saanane, hukumbuka kwamba kiliwahi kupigwa. Machi 1979, katika Vita vya Kagera, ndege ya Libya iliyokuja kumsaidia Idi Amin iliulenga mji wetu. Ikakosea, wakafa swala wa hifadhi. Leo watoto wetu huenda madrasa bila kuliogopa anga. Huo ndio uhuru tunaoujua.

Uhuru huo una gharama, na sehemu yake hulipwa nyumbani. Mume akiitwa, sisi hatumwulizi atarudi lini. Watoto ndio hutuuliza sisi. Desemba 2017 zaidi ya askari wetu kumi waliokuwa wakilinda amani waliuawa Semuliki, Kongo. Mwenzetu akifiwa hukaa eda miezi minne na siku kumi, ilhali waombolezaji huondoka mapema.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Basi, ndugu zetu katika imani, tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, gwaride likiisha, bisheni hodi kwa mjane aliye jirani. Mwulizeni habari ya ada za mayatima wake. Shukrani isiyofika mlangoni huishia uwanjani.