Kunyamaza mu grupu ya familia si heshima

Vijana wenzetu wa Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi, Kampemba na komini zote za Lubumbashi,

Kila mmoja wetu anayo hiyo grupu ya WhatsApp inayoitwa "Familia". Asubuhi mtu anatuma picha ya maua na maneno ya Biblia. Saa sita mtu anauliza nani atachanga kwa dawa ya nkambo. Jioni inafika sala ya kupitisha kwa watu 20, usipopitisha baraka itakupita. Kati ya hizo kuna tangazo la kazi ya uongo inayoomba ulipe kwanza dola 10 za dosie, na sisi mashomeri ndio tunatumiwa hiyo mara nyingi zaidi. Zote hizo unafuta, maisha yanaendelea. Hatuandiki tamko hili kwa ajili ya maua.

Tunaandika kwa ajili ya mesaji ya namna ingine. Hii hapa ilifika mu grupu yangu, saa tatu ya usiku, kutoka kwa mama mudogo ambaye alinilipia minervali miaka mbili nzima:

"Bameshuka tena na treni jana usiku. Batoto yetu ya diplomi banaikala bure, bo banapata kazi. Katanga, lamuka! Bilulu birudie kwabo. Pitisha kwa Bakatanga bote."

Tulikuwa watu 43 mu ile grupu. Wawili walitia alama ya dole gumba. Mmoja alijibu "Amina". Wengine 39 tulinyamaza, na mimi nilikuwa kati yao. Tulijiambia ni mama yetu, ni heshima, kesho itapita.

Leo tunasema: hiyo haikuwa heshima. Ilikuwa woga uliovaa nguo ya heshima.

Neno "bilulu" tunalijua

Hatukuwa tumezaliwa, lakini wazazi wetu walikuwepo. Tarehe 15 Agosti 1992, kule Kinshasa, Konferansi ya Taifa ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu, mahali pa Nguza Karl-i-Bond, mtoto wa huku kwetu. Jimbo liliitwa bado Shaba na gavana alikuwa Gabriel Kyungu wa Kumwanza. Neno bilulu, yaani wadudu, lilisikika kwenye mikutano ya siasa, likashuka barabarani, likafika kwenye milango. Waliotumwa kufukuza watu walikuwa vijana wa JUFERI, umri wetu sisi. Kule Likasi familia zilijaa kwenye gare, zikilala chini, zikingoja treni ya kuwapeleka Kasai, na wengi wao Kasai hawakuwahi kuiona. Machi 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Mamia ya maelfu ya watu walitoka Katanga. Kuna waliokufa kwenye gare na njiani.

Wakati ule hakukuwa na telefoni mukononi. Neno lilihitaji gavana, kipaza sauti na uwanja. Leo linahitaji mega kidogo na kidole cha mama mudogo. Ndiyo sababu hatuwezi kusema "ni mesaji tu".

Na tukumbuke wale "wageni" walifikaje. Miaka ya 1920, Union Minière ilikosa watu wa kutosha kwa migodi, ikatuma wakala kuwatafuta Kasai na kwingine. Reli ya BCK ilipofika Ilebo mwaka 1928, wengine wakaja nayo. Waliitwa, wakapewa namba ya kazi, wakajenga mji huu pamoja na wengine wote. Mtu ambaye baba wa nkambo yake aliletwa na kampuni karibu miaka mia iliyopita, utamrudisha wapi?

Wanaandika kwa jina letu

Rudia kusoma ile mesaji. "Batoto yetu ya diplomi banaikala bure." Huyo ni mimi. Nina lisansi, nina miaka 25, nimepeleka dosie mpaka pesa ya fotokopi imeniishia. Kwa hiyo hiyo mesaji haikunitumiwa tu. Imenitumia kama sababu. Njaa yangu ndiyo wanaifanya kiberiti.

Basi niachieni niseme mwenyewe kuhusu njaa yangu. Nkambo alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Mwaka 2003 kampuni iliwatoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ule mpango wa "kuondoka kwa hiari", ukisaidiwa na Benki ya Dunia. Katika 10,000 hao kulikuwa Mukatanga na kulikuwa Mukasai, na wote walitoka na karatasi ile ile. Nchi yetu ni ya kwanza duniani kwa kobalti. Maroli yanapita kila siku kwenda Kasumbalesa, na sisi tunahesabu maroli. Kijana aliyefika jana na begi moja, anayeendesha moto-taksi ya mtu mwingine toka alfajiri, hakuchukua kazi yangu. Hiyo kazi haikuwahi kufika kwake. Anayetaka kujua ilikwenda wapi aulize mikataba ya migodi na bajeti ya jimbo, asiulize gare.

Ndiyo maana chuki ya kabila ni raha kwa wakubwa: tunapochunguza jirani, hakuna anayewachunguza wao.

Na mimi nilipitisha

Sitaki kuandika kama msafi. Jumapili tarehe 14 Februari 2021, mji uliamka na risasi. Watu wenye silaha walishambulia kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati. Tulikuwa ndani, tumefunga milango, na telefoni ilikuwa inalia bila kukoma. Nilipokea odio ya dakika mbili hivi, nikasikiliza mwanzo, sauti ya mwanamume mwenye hofu, nikaipitisha mu grupu ya wenzangu wa shule. Nilifikiri ninasaidia.

Mwisho wa ile odio, mahali sikufika, yule mtu alisema kuna nyumba za "bale" wanaficha silaha, na akataja avenyu. Ilikuwa avenyu ya rafiki yangu, ambaye tuliketi banki moja miaka minne. Naye alikuwa mu ile grupu. Yeye alisikiliza mpaka mwisho.

Hakukuwa na silaha yoyote, na hakuna aliyekuja kuwashambulia. Lakini mama yake aliwachukua wadogo, wakalala siku mbili kwa watu ingine. Tulipokutana aliniuliza neno moja: "Ulisikiliza mpaka mwisho?" Sikuwa na jibu. Tunasalimiana bado. Kwao sijakaribishwa tena kula.

Majibu tatu tusiyoyataka

La kwanza: "Toka mu grupu, bloke, zima sauti." Ni rahisi. Tangu 2022 WhatsApp inakuachia kutoka bila wote kuona. Lakini ukitoka wewe uliyesoma, mu grupu wanabaki nani? Wale waliosema "Amina", na mdogo wako wa miaka 15 anayejifunza pale namna ya kusema juu ya jirani. Bloke mwizi wa dola 10. Familia hapana.

La pili: "Serikali ikate." Hilo tumelionja. Desemba 2011, kiisha uchaguzi, walikata SMS nchi nzima. Januari 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, walikata intaneti na SMS. Toka 31 Desemba 2018 walikata tena, karibu siku ishirini. Walisema ni kwa ajili ya usalama. Mgonjwa akakosa kuita mtoto wake, kiziwi akabaki bila simu kabisa, kwa sababu kwake SMS ndiyo simu. Chuki yenyewe haikukatwa. Ilingoja, ikaendelea.

La tatu: "Sheria iwafunge." Tangu Machi 2023 tuna Kodi ya Numeriki, na kifungu cha 360 kinaweka kifungo cha mwezi 1 mpaka 6 kwa anayeanzisha ao kupitisha habari ya uongo juu ya mtu. Inasikika vizuri. Lakini mwandishi wa habari Stanis Bujakera alikamatwa Septemba 2023 kwa kesi ya "habari ya uongo", akakaa gereza la Makala mpaka Machi 2024. Wenye vipaza sauti vya chuki wakati huo walilala wapi? Kwao. Anayeita watu kuua ahukumiwe, ndiyo, na tutashuhudia. Lakini fimbo ambayo inaanza na mwandishi haitaishia kwa mchochezi.

Wenzetu wa Kenya, inchi si komini, walipita hapo. Kiisha uchaguzi wa Desemba 2007 SMS za chuki zilienea na watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika fujo ile. Serikali ilifikiri kukata SMS. Safaricom, badala ya kukata, ilituma mesaji za amani kwa wateja wake. Mwaka 2008 wakaweka sheria na tume ya uwiano. Havikuponya kila kitu. Lakini somo tunalolichukua ni hili: mesaji mbaya inajibiwa na mesaji, na anayejibu lazima awe mtu ambaye mpokeaji anamsikiliza. Mama mudogo hasikilizi waziri. Mimi ananisikiliza.

Basi tunafanya nini

Kwanza, hatupitishi kitu ambacho hatukukisikia mpaka mwisho. Ukiona alama ya mishale mbili, ujue imepita mikono mingi na hakuna mwenye kuijua mama yake. Tangu Aprili 2020 WhatsApp yenyewe inazuia mesaji kama hiyo kutumwa kwa zaidi ya mtu ao grupu moja kwa mara moja. Kama kampuni ya Marekani imeogopa, wewe wa Katuba unakimbilia wapi?

Pili, mukubwa hajibiwi mbele ya watu 43. Ukimuaibisha, atatetea mesaji kuliko anavyoiamini. Mwite pembeni. Na kama anaishi karibu, acha telefoni, nenda. Mimi nilienda siku ya tatu. Tulikula bukari kwanza. Kiisha nikauliza:

"Mama mudogo, samahani. Ile mesaji ya treni, ni nani aliiona ile treni?"

"Ni mama mumoya wa ku kanisa alinitumia."

"Ye aliiona na macho yake?"

"Sijue. Naye balimutumia."

"Na mama wa makala, hapa ku kona, nayo ni kilulu?"

Alinitazama muda. Huyo mama wa makala anampatia deni toka nikiwa mtoto, na mu mwaka ambao minervali ilitukaza, ni makala ya deni ndiyo ilipika chakula chetu.

"Aah, ye hapana. Ye ni muntu yetu."

"Basi ni nani, Mama mudogo?"

Hakujibu. Hakufuta ile mesaji pia, sitawadanganya. Lakini wiki iliyofuata alipata ingine, na mbele ya kuitia mu grupu alinitumia mimi peke yangu: "Hii ni kweli?" Hapo ndipo mnyororo unakatika. Kwa mtu mmoja anayeuliza.

Tatu, mu grupu sema sentensi moja, mara moja, bila matusi: "Mimi sikubali neno hili, na kuna jirani zetu wanaoumia nalo." Usibishane usiku kucha. Wale 39 walionyamaza wanangoja tu mtu wa kwanza.

Nne, mesaji ikitaja avenyu, jina ao saa, hiyo si mazungumzo ya familia tena. Piga picha ya kioo, usiipitishe, muonye anayetajwa siku ile ile, na upeleke kwetu na kwa shefu wa kartie.

Kwa wanasiasa wa pande zote, wa hapa na wa kule Kasai, tunasema: tunajua mesaji zinaongezeka kila uchaguzi unapokaribia. Msiandike kwa jina la shomeri. Shomeri anajua kuandika mwenyewe.

Na wewe unayesoma hapa, fungua sasa ile grupu ya familia. Panda juu kidogo. Utaiona ile mesaji uliyoinyamazia. Aliyeituma unajua kwake ni wapi. Kesho nenda umuulize nani aliiona treni.

Imeandikwa Katuba, na mtoto wa Katuba.