Helikopta ya Uokoaji Ziwa Victoria: Swali la Rubani Litangulie Swali la Chombo

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

ZIWA Victoria lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 68,800, na karibu nusu ya maji hayo yako upande wa Tanzania. Humo wanaishi wananchi wa Ukerewe, Ukara, Kome, Maisome, Goziba na visiwa vingine vingi ambavyo njia yake ya kufika nchi kavu ni mtumbwi, boti au kivuko. Ajali inapotokea katika eneo kubwa kiasi hicho, jambo linaloamua uhai wa watu ni muda: nani atafika kwanza, na kwa chombo gani.

Kumbukumbu za Kanda ya Ziwa zinalithibitisha hilo. Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza na kuchukua maisha ya mamia ya abiria. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kutia nanga Ukara, na watu zaidi ya 220 wakafariki dunia. Kazi ya uokoaji ilisitishwa giza lilipoingia na kuendelea asubuhi ya siku iliyofuata. Tarehe 6 Novemba, 2022 ndege ya shirika la Precision Air iliyokuwa ikielekea Bukoba ilianguka ziwani jirani na uwanja wa ndege wa mji huo. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha, na waliotangulia kufika kuwasaidia walionusurika walikuwa wavuvi.

Hatua zimekuwa zikichukuliwa. Mradi wa mawasiliano na usafiri salama wa Ziwa Victoria, unaotekelezwa kwa ushirikiano wa Tanzania na Uganda, unahusisha kituo cha kuratibu utafutaji na uokoaji mkoani Mwanza. Kituo cha namna hiyo hupokea taarifa na kuelekeza boti mahali pa tukio. Hata hivyo, kila msiba unapotokea wananchi huuliza helikopta iko wapi. Swali hilo ni la haki, lakini lina mwenzake asiyeulizwa mara nyingi: ikiwapo, nani atairusha?

Helikopta hununuliwa kwa mkataba mmoja. Rubani wa kuirusha juu ya maji, usiku, katika upepo, huandaliwa kwa miaka.

Leseni inadai nini

Mafunzo ya urubani duniani hufuata viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, vinavyotokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944. Hapa nchini msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndiyo inayotoa leseni na kuidhinisha vyuo na madaktari wa kupima afya za marubani.

Kwa viwango hivyo vya kimataifa, hatua ya kwanza ni leseni ya rubani binafsi, inayotolewa kwa mtu aliyefikisha umri wa miaka 17 na kuruka saa zisizopungua 40, au 35 akiwa katika kozi iliyoidhinishwa. Leseni hiyo haimruhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Anayetaka kuifanya kazi ahitaji leseni ya rubani wa biashara: umri wa miaka 18, saa 150 za kuruka, au 100 katika kozi iliyoidhinishwa, na kati ya hizo saa 35 awe yeye mwenyewe ndiye rubani mkuu wa chombo. Zipo pia saa 10 za kujifunza kuongozwa na vipimo vya ndani ya chombo badala ya macho, na saa tano za kuruka usiku kwa anayetaka kuutumia usiku kikazi. Juu ya yote hayo kuna mitihani ya sheria za anga, hali ya hewa, usomaji wa ramani na ufundi wa injini, pamoja na kipimo cha lugha.

Leseni ya ndege ya kawaida haimpi mtu ruhusa ya kurusha helikopta, kwa kuwa hizo ni aina mbili tofauti. Ndege yenye mabawa huhitaji mwendo ili ielee. Helikopta huelea kwa mapanga yanayozunguka juu yake, na rubani hutumia mikono yote miwili na miguu yote miwili kwa wakati mmoja. Akigusa kimoja, vingine vyote hudai kurekebishwa. Injini ikizima, rubani ana muda mfupi sana wa kushusha mkono wa kuinulia ili upepo unaopanda kutoka chini uendelee kuyazungusha mapanga na kumwezesha kutua salama. Zoezi hilo hurudiwa hadi mkono ufanye kazi kabla ya fikra.

Ufinyu wa mafunzo umewahi kuonekana hata katika mataifa makubwa. Mwaka 1995, baada ya mfululizo wa ajali, mamlaka ya anga ya Marekani iliweka masharti maalumu ya mafunzo kwa marubani wa helikopta ndogo za Robinson R22 na R44, ambazo ni miongoni mwa zinazotumika sana ulimwenguni.  Kilichosisitizwa ni ujuzi wa anayekirusha chombo.

Ziwa lina masharti yake

Rubani aliyefuzu kwingine bado ana la kujifunza Mwanza. Uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho kikiungana na joto la mchana, hewa huwa nyepesi, na helikopta iliyoweza kunyanyua watu wanne pwani inaweza kulemewa na idadi hiyohiyo hapa. Hesabu ya uzito hufanyika kabla ya kuruka, na anayeokoa watu majini hulazimika kuifanya tena kila anapompandisha mtu mmoja zaidi.

Jambo zito kuliko hilo ni usiku. Dhoruba za Ziwa Victoria huwa nyingi usiku na alfajiri, wakati upepo wa nchi kavu unapokutana juu ya maji yenye joto. Wavuvi wa dagaa nao huvua usiku kwa mwanga wa taa, hasa mwezi usipoonekana. Maana yake ni kwamba saa ya hatari kwa wavuvi ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa rubani. Juu ya maji meusi hakuna mstari unaotenganisha mbingu na ziwa, na mwili humdanganya mtu hata akaona yuko wima ilhali chombo kimelala upande. Saa tano za usiku zilizotajwa katika leseni humfanya rubani aujue usiku, hazimfanyi mwokoaji.

Kwa hiyo, rubani wa uokoaji anahitaji nyongeza: idhini kamili ya kuruka kwa vipimo, mazoezi ya kuelea mahali pamoja juu ya mawimbi huku mtu akivutwa kwa kamba, na mafunzo ya kujinasua endapo chombo kitaangukia majini na kupinduka. Anahitaji pia wenzake: fundi, mwendesha kamba na mhudumu wa afya waliofanya mazoezi pamoja.

Njia ipitie wapi

Kanda hii si ngeni kwa msingi wa elimu ya anga. Chuo cha Soroti nchini Uganda kilianzishwa mwaka 1971 chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ili kuwaandalia nchi wanachama wataalamu wao. Jijini Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kimenunua ndege za mafunzo kupitia mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia. Hatua hiyo ni kubwa, ingawa ndege hizo ni zenye mabawa. Saa ya helikopta ni ghali kuliko saa ya ndege ndogo ya kawaida, na kwa sababu hiyo familia nyingi haziwezi kuubeba mzigo huo peke yake.

Hapo ndipo penye uamuzi wa kisera. Ufadhili wa vijana wachache kila mwaka, wakiwamo waliokulia visiwani na wanaolijua ziwa, ungeweza kufungamanishwa na masharti ya utumishi katika uokoaji, doria za hifadhi au usafirishaji wa wagonjwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando. Kazi hizo humpa rubani saa za uzoefu ambazo mafunzo peke yake hayawezi kutoa. Si kazi nyepesi: Januari 2016 rubani raia wa Uingereza aliuawa kwa risasi za majangili akiwa kwenye helikopta katika Pori la Akiba Maswa, mkoani Simiyu.

Kwa wazazi na vijana wanaoitamani fani hii, mambo matatu yazingatiwe kabla ya kulipa ada. Kwanza, kijana apimwe afya ya daraja la kwanza kwa daktari aliyeidhinishwa, maana tatizo la macho au moyo linaweza kufunga mlango baada ya fedha kutumika. Pili, ithibitishwe TCAA kwamba chuo kinatambuliwa na kwamba leseni ya nje itakubalika nchini, na kwa masharti gani. Tatu, iulizwe saa ngapi zitarushwa kwa helikopta yenyewe, kwa kuwa cheti kisicho na saa hakimpi mtu leseni.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana atakayeanza darasa mwaka huu atahitaji miaka kadhaa ya kujifunza na kukusanya uzoefu kabla ya kukabidhiwa usiku wa Ziwa Victoria. Wavuvi wa Bukoba walifika kwanza kwa mitumbwi yao na wakatenda makubwa. Ili safari ijayo wawe na msaada kutoka angani, maandalizi ya rubani yatangulie ununuzi wa helikopta.