Muguka, Miraa na Mtoto wa Mwenzio

Wahenga walinena kwamba kila mwamba ngozi huvutia kwake. Methali hii ilipata ushahidi wa wazi nchini Kenya mwezi Mei 2024, pale Gavana wa Mombasa, Abdulswamad Shariff Nassir, alipopiga marufuku uingizaji na uuzaji wa muguka katika kaunti yake. Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Hoja yao ilikuwa nzito: vijana wa Pwani, baadhi yao watoto wa shule, wanatafuna jani hilo hadi usingizi, chakula na kazi vinawaacha. Jibu la Embu nalo halikuwa jepesi. Katika ardhi kame ya Mbeere, ambako mahindi hunyauka kabla ya kubeba, muguka ndio karo, ndio dawa, ndio mlo. Kabla ya mwezi kwisha, Rais William Ruto alitangaza kuwa marufuku hayo ni batili kwa kuwa sheria inalitambua zao hilo, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha.

Aliyesikiliza pande zote mbili hakukosa kugundua jambo moja la kukera: wote walisema kweli. Mzazi wa Kisauni alimlilia mwanawe; mkulima wa Kiritiri alimlilia wake. Waliomtaja mtoto wa upande wa pili walikuwa wachache mno. Mombasa, iliyokuwa ikitoza ushuru magari ya muguka, haikueleza sana mkulima apande nini badala yake. Nao wanasiasa wa Embu walilisifu jani kana kwamba halijawahi kumdhuru mtu. Mwanafunzi wa fasihi, aliyezoea kumsaka mhusika mwovu, hapa angetoka mikono mitupu. Shaaban Robert alimtoa Utubora mjini akampeleka shambani kutafuta utulivu. Hakumjaribu kwa shamba la jani linalowakosesha wengine usingizi.

Wala tabia hii si ya Embu na Pwani pekee. Mwaka 2014 Uingereza iliharamisha miraa, ingawa baraza lake lenyewe la ushauri kuhusu dawa za kulevya lilikuwa limependekeza vinginevyo. Wakulima wa Igembe, huko Meru, walilalamika kwamba tajiri hajali tumbo la maskini. Kilio hicho kilikuwa cha haki. Hata hivyo, miongoni mwa waliokuwa wakiomba miraa izuiwe walikuwamo Wasomali wanaoishi Uingereza, waliodai kwamba inavunja familia zao. Katika miaka yote ya faida, ni nani Meru aliyeuliza habari za familia hizo? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Je, basi, binadamu ndivyo alivyo, na hakuna la kufanya? Jibu lenye matumaini linapatikana Meru kwenyewe, tena ndani ya historia ya jani lenyewe. Kwa mila ya Wameru, miraa ilikuwa ya wazee. Kifurushi chake kilipelekwa katika posa na katika usuluhishi wa magomvi. Vijana hawakuruhusiwa kuitafuna ovyo. Watu hao walikuwa na matamanio kama ya watu wa leo, na mti ulikuwa uani mwao, lakini waliweka mpaka wakauheshimu. Hawakuwa malaika. Walijua tu kwamba kijana anayeharibika ni wa kijiji kizima. Biashara ilipopanuka, jani likaenda mbali kuliko mila iliyolilinda, na mlaji akawa mtu asiye na jina wala uso.

Hapo ndipo penye kazi, na ni kazi inayowezekana. Muulize mkulima yeyote wa Mbeere kama angependa mwanawe aache shule akae kibarazani kutafuna. Jibu lake halitatofautiana na la mzazi wa Kisauni. Marufuku hayakuwapa nafasi ya kulisikia jibu hilo kutoka vinywani mwao, na mahakama haikuitwa kwa ajili hiyo. Kabla ya gavana mwingine kutia saini amri nyingine, na waketi kwanza jamvini mama wa Kiritiri na mama wa Kisauni, wajadili ni nani asiuziwe jani hilo, na shamba lipandwe nini kando yake. Lugha ya kuzungumzia wanayo.