UHURU WENYE KAMBA MGUUNI



Huenda mkatuuliza kwa nini karatasi hii ya wafanyi kazi itaje wachezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, watu walipwao mamilioni ya dola. Jibu letu ni kwamba wao pia wana chama, kilichoanzishwa mwaka 1954, na mkataba wao una fundisho kwa kila auzaye nguvu zake.

Katika ligi ya NBA, kijana aliyechaguliwa duru ya kwanza hufanya kazi miaka minne kwa mshahara uliopangwa. Miaka hiyo ikiisha, timu yake ikimpa barua ya kumtaka mwaka mmoja zaidi, yeye huitwa huru, lakini uhuru wake una kamba. Timu nyingine yaweza kumwandikia mkataba, ila timu yake ina haki ya kulipa kiasi kile kile na kumzuia asiondoke.

Sasa tutazame hesabu za matajiri. Kila timu ina kikomo cha mishahara. Msimu wa 2025-26 kiliwekwa kwenye dola milioni 154 na zaidi. Timu ngeni ikiandika mkataba, fedha zake hufungwa mpaka jibu lije, na huku wachezaji wengine wanachukuliwa. Julai 2022, Indiana ilimwandikia Deandre Ayton mkataba wa miaka minne wa dola milioni 133. Phoenix iliulipa siku ile ile, na Indiana ikabaki mikono mitupu. Wenye timu wakiona hayo, huogopa kujaribu.

Timu ya mchezaji nayo hufaidika kwa kungoja. Kabla Andre Drummond wa Detroit hajatia sahihi mwaka 2016, alihesabiwa kiasi cha dola milioni 8 tu, na mshahara aliokuja kupata ulikuwa karibu milioni 22. Nafasi iliyobaki timu iliitumia kuajiri wengine kwanza. Drummond alikubali kungoja, akalipwa. Lakini si kila angojaye hulipwa alichotazamia. Mwaka 2025 Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, Kongo, alikaa bila mkataba hata Septemba. Cam Thomas wa Brooklyn aliikubali barua ya mwaka mmoja, apate kuwa huru kamili baadaye.

Hatusemi chama chao hakikufanya kitu. Zamani timu ilimshika mchezaji maisha yake yote ya kazi. Oscar Robertson, rais wa chama, aliwapeleka wenye timu mahakamani mwaka 1970, na mapatano ya 1976 yakauvunja mnyororo huo. Mwaka 1988 wakongwe walipata uhuru kamili. Kamba ikabaki kwa vijana.

Kwa nini vijana? Kwa sababu kwenye meza ya mapatano huketi walio kazini. Atakayeajiriwa kesho hana kiti wala kura, na ni rahisi kumtoa yeye ili mwenye kazi apate nyongeza.

Hapo ndipo lilipo fundisho letu. Tajiri akituletea mkataba wenye nyongeza nzuri kwetu na kifungu kibaya kwa wageni, tusikimbilie kalamu. Kijana tutakayemfunga leo ndiye tutakayemwomba asimame nasi siku ya mgomo.

Umoja ni nguvu.