PICHA YA MWENZIO: KUIGA KUNA MPAKA

Katika nyumba nyingi za askari, kitu cha kwanza kutundikwa baada ya familia kuhamia ni picha. Vyombo husalia masandukuni siku mbili tatu, mapazia hungoja, lakini picha ya baba akiwa katika sare, au ya mama na watoto siku ya Idi au ya Krismasi, hupata msumari wake mapema. Askari huhamishwa kutoka kituo hiki hadi kile, na picha ndiyo huwafanya watoto waamini kwamba nyumba ni ileile. Kwa hiyo mpiga picha akaaye nje ya lango la kambi ni mtu wa maana katika maisha ya familia hizo. Na ugomvi ukizuka baina ya wapiga picha wawili, hauwi ugomvi wao peke yao.

Na uchukuliwe mfano. Mpiga picha mmoja amekaa miaka mingi langoni pa kambi, akipiga picha kama wenzake wanavyopiga: watu wamesimama wima, mikono imenyooshwa, na nyuma yao limetundikwa pazia lililochorwa maua. Siku moja analiacha pazia. Anamketisha baba juu ya kigoda kizingitini pa mlango; kofia ya baba anaiweka mapajani mwa mtoto wa mwisho; mama anasimama nyuma, mkono wake begani mwa mumewe. Mwanga unaingia kwa upande mmoja tu, na nyuma yao ni giza. Picha yenyewe anaitoa kwa rangi nyeusi na nyeupe, isipokuwa beji ya kofia, ambayo inabaki na rangi yake. Familia zinapanga foleni, na karo ya watoto wa mpiga picha huyo inalipwa kwa wakati kwa mara ya kwanza.

Baada ya miezi miwili, kijana mmoja anafungua kibanda ng'ambo ya barabara. Kibandani mna kigoda, kizingiti, giza la nyuma, kofia mapajani mwa mtoto, na beji yenye rangi. Bei ni nusu. Foleni inavuka barabara. Wa kwanza analalamika kwamba ameibiwa. Wa pili anajibu kwa utulivu: kamera ni yake, familia alizozipiga ni nyingine, wala hakuchukua hata picha moja kutoka kwa mzee huyo. Basi ameiba nini?

Swali hilo si la kupuuzwa. Mahakama kubwa za dunia zimelitafakari kwa zaidi ya miaka 100, na majibu yake hayafanani.

SHERIA INALINDA NINI

Nchi za Afrika Mashariki zina sheria za hakimiliki. Tanzania ilitunga ya kwake mwaka 1999, Kenya mwaka 2001, na Uganda mwaka 2006. Zote huihesabu picha ya kamera kuwa kazi inayolindwa, kama vile kitabu au wimbo. Lakini sheria ya Uganda inasema waziwazi jambo ambalo ni msingi wa hakimiliki popote: mawazo hayalindwi. Kinacholindwa ni kazi iliyotokana na wazo, si wazo lenyewe.

Hekima ya kanuni hiyo yaonekana kwa urahisi. Katika miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walijenga vibanda vilivyopambwa kwa mapazia ya kuchorwa, na wasafiri walisimama mbele yake wapigwe picha za ukumbusho. Lau mmoja wao angaliweza kudai kwamba kupiga picha mbele ya pazia ni mali yake, wenzake wote wangalikufa njaa. Hali kadhalika hakuna awezaye kumiliki wazo la kumpiga askari pamoja na mkewe na watoto wake.

Walakini mpiga picha hauzi wazo. Anauza kile alichokifanya kwa wazo hilo: mahali alipochagua kusimama, pembe ya kamera, upande wa mwanga, mpangilio wa watu na vitu, na kazi aliyoifanya baadaye juu ya rangi. Hapo ndipo mpaka ulipo, baina ya wazo na umbo lake. Kuutaja ni rahisi. Kuuona ni kazi, kama mashauri mawili yafuatayo yanavyoonyesha.

BASI JEKUNDU LA LONDON

Mwaka 2005, Justin Fielder alipiga picha ya basi jekundu likivuka daraja la Westminster mjini London, nyuma yake majengo ya Bunge na mnara wa saa. Kisha akaifanyia kazi kwa kompyuta. Anga akalifanya jeupe tupu, majengo na daraja akayaacha katika rangi ya kijivu, na basi peke yake likabaki jekundu la kung'aa. Kampuni yake, Temple Island Collections, iliitumia picha hiyo katika vitu vya ukumbusho vinavyouzwa kwa watalii.

Kampuni nyingine, New English Teas, ilitaka picha ya namna hiyo kwa ajili ya makopo yake ya majani ya chai. Pande hizo mbili zilikuwa zimekwisha kuzozana juu ya picha ya awali, kwa hiyo watu wa chai waliijua vema kazi ya Fielder. Mara hii walipiga picha zao wenyewe za majengo yale na za basi, wakaongeza picha ya basi waliyoipata kwa njia ya kununua, wakaziunganisha. Pembe ilikuwa nyingine na basi lilikuwa jingine. Lakini anga lilikuwa jeupe, majengo ya kijivu, na basi jekundu.

Shauri hilo liliamuliwa mwezi Januari 2012 na Jaji Birss, katika mahakama iliyohusika na mashauri ya hataza na haki za ubunifu. Jaji alikiri kwamba swali halikuwa jepesi. Hata hivyo aliamua kwamba watu wa chai wamevunja hakimiliki, kwa kuwa wamechukua sehemu kubwa ya kile kilichoifanya picha ya Fielder kuwa kazi yake.

Katika shauri hilo mna jambo moja la kufundisha zaidi ya hukumu yenyewe. Wadaiwa, wakitaka kuonyesha kwamba basi jekundu katika mji wa kijivu ni jambo la kawaida, walileta mahakamani picha nyingine za aina hiyo zilizopigwa na watu wengine. Ushahidi huo uliwageukia. Jaji alizitazama picha zile akaona kwamba watu waliofanya kazi kila mmoja kwa akili yake, ijapokuwa walianza na wazo moja, walitoa picha zilizotofautiana sana. Basi kufanana kwa picha ya kopo la chai na ile ya Fielder hakukuletwa na wazo. Kuliletwa na kuitazama picha ya mwenzao.

MRUKO WA MICHAEL JORDAN

Shauri la pili ni la Marekani. Mwaka 1984, mpiga picha Co Rentmeester alitumwa na jarida la Life kumpiga picha kijana mcheza mpira wa kikapu, Michael Jordan, kwa ajili ya toleo la Michezo ya Olimpiki. Rentmeester hakumpeleka uwanjani. Alimpeleka kwenye kilima chenye majani, akasimamisha goli, akamfundisha kuruka kama mcheza dansi ya baleti, miguu imepanuka angani, mpira ukiwa katika mkono wa kushoto. Mkao huo haukuwa wa mpira wa kikapu wa kawaida. Ulitoka kichwani mwa mpiga picha.

Kampuni ya viatu ya Nike iliomba kuazima nakala za picha hiyo, ikalipa dola 150 kwa matumizi machache. Baadaye ikamwajiri mpiga picha mwingine, naye akampiga Jordan akiruka kwa mkao wa kufanana, safari hii nyuma yake yakiwa majumba marefu ya Chicago. Rentmeester alipolalamika, alilipwa dola 15,000 ili picha hiyo itumike kwa miaka miwili. Mwaka 1987, kutokana na picha yake, Nike ilitengeneza kivuli cha mtu anayeruka, ambacho hata leo huonekana kwenye viatu na fulana za vijana duniani kote.

Rentmeester alishitaki mwaka 2015. Mwezi Februari 2018, mahakama ya rufani ilimkatalia. Majaji walikubali kwamba Nike ilikuwa imeiona picha yake, na kwamba picha yake ni ya ubunifu mkubwa. Lakini walisema mkao peke yake ni wazo, na hakuna awezaye kuwazuia wengine wasiutumie. Nike ilikuwa imechagua mandhari nyingine, mwanga mwingine, na mpangilio mwingine wa viungo na goli. Jaji mmoja kati ya watatu aliona kwamba, kwa upande wa picha, shauri lilistahili kusikilizwa zaidi. Mwaka 2019 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilikataa kulipokea.

Mashauri haya mawili yakiwekwa pamoja, funzo lake ni hili. Achukuaye jambo moja, ajapolichukua kwa kukusudia, huenda akasalimika, maadamu mengine yote ameyatoa kwake mwenyewe. Achukuaye jambo la kwanza, na la pili, na la tatu, na jinsi yalivyoungana, amechukua kazi ya mtu hata kama kamera ni yake. Isitoshe, hakimiliki ikiisha kuuzwa humfunga hata mtunzi mwenyewe. Mwaka 1914, mahakama ya rufani ya Marekani ilimwona na hatia mpiga picha aliyeuza haki ya picha yake, kisha baada ya miaka miwili akamweka mwanamke yuleyule katika mkao uleule, akampiga upya. Tofauti kubwa ilikuwa tabasamu na tunda dogo mdomoni. Mahakama ilisema hiyo ni nakala.

KURUDI LANGONI PA KAMBI

Je, kijana wa ng'ambo ya barabara amesimama wapi? Kama angalichukua kofia mapajani mwa mtoto peke yake, akaipiga familia uwanjani juani, kwa rangi zote, angalikuwa karibu na shauri la Jordan. Lakini alichukua kigoda, na kizingiti, na mwanga wa upande mmoja, na mkono wa mama, na beji yenye rangi. Huyo yuko karibu zaidi na kopo la chai. Mbele ya hakimu hali yake si njema, ingawa hakuna awezaye kumwapia hukumu itakavyokuwa.

Lakini si kila lililo halali kwa sheria ni la haki kwa jirani. Rentmeester alishindwa mahakamani; hata hivyo watu wengi, wakisikia habari ya zile dola 150, huhisi kwamba mzee yule alitendewa pasipo uungwana. Mahakama hupima picha kwa picha. Jirani hupima pia namna mtu alivyoingia katika kazi ya mwenzake, na namna alivyotoka.

Kuiga si dhambi. Fundi cherehani huanza kwa mshono wa bwana wake, na kuruta hujifunza gwaride kwa kuitazama miguu ya aliye mbele. Mpiga picha mchanga akijizoeza kwa kuirudia picha ya mkubwa wake, anasoma. Uovu huanza pale zoezi linapowekewa bei na kuuzwa kwa wateja walewale, tena bila kumtaja aliyefundisha. Sheria ya Uganda humpa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi. Jambo hilo halimgharimu mwigaji hata senti moja. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Asiyekuwa na pete ya kumvika mwenzake, walau amtaje jina.

Wateja nao wana sehemu yao. Baba anayefika kibandani na simu mkononi, akaonyesha picha aliyopigwa jirani yake na kusema, "Nipige kama hii, lakini kwa bei nafuu," amemsukuma kijana wa watu mahali pabaya. Afadhali aseme anachokitaka: picha ya watoto wakiwa karibu na baba yao, kabla hajahamishwa. Hilo ni wazo, na ni la kila mtu. Kijana ataachiwa nafasi ya kutafuta umbo lake.

Kwa mpiga picha aliyeigwa, hatua ya kwanza si wakili. Na azihifadhi picha zake za asili pamoja na tarehe zake, kisha avuke barabara mchana, pamoja na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, akaseme. Mashauri mengi ya namna hii hayahitaji zaidi ya hapo. Kijana anaweza kukubali kukiacha kizingiti na beji, au kulipa kitu kidogo kwa kila picha, au kufanya kazi chini ya mzee kwa muda ajifunze. Wasipoelewana, ndipo sheria ifuatwe.

Na kwa kijana mwenyewe, hasara kubwa zaidi bado haijatajwa. Wateja walivuka barabara kwa ajili ya bei, si kwa ajili ya jicho lake. Siku atakapotokea wa tatu mwenye bei ya chini zaidi, watavuka tena, naye hatakuwa na kitu cha kuwazuia, kwa maana kigoda, kizingiti na kofia havikuwa vyake. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na aitazame familia iliyo mbele yake kana kwamba hajaona picha nyingine: buti za baba zilizopangwa mlangoni, barua mkononi mwa mama, mtoto aliyelala kabla kamera haijawa tayari. Humo imo picha ambayo mzee wa ng'ambo hakuiona, na familia itakayoitundika ukutani itajua ni nani aliyeipiga.