INJINI IFUNGULIWE KWANZA



Lori lililopakia Hewani likifika Garsen injini imechemka, neno la kwanza analoambiwa dereva ni hili: "Umeua injini, utalipa." Sisi twasema, ifunguliwe kwanza.

Injini hutoa ushahidi wake. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imechanganyika na maji. Povu kidogo chini ya kifuniko peke yake halitoshi. Huenda ni mvuke tu. Oili ikielea katika rejeta, shuku oili kula, kwa maana injini ikiunguruma oili husukumwa kwa nguvu kuliko maji. Rejeta ikitoa mapovu mara tu injini ya baridi inapowashwa, na moshi ni mweupe, shuku gasketi ya silinda hedi. Rejeta ya moto usiifungue kamwe.

Oili kula ikiliwa na kutu, kosa la dereva li wapi? Lakini akiona oili imekuwa maziwa, naye akaendesha mpaka Malindi, beringi zitakwisha, wala hatakuwa na la kujitetea.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyakazi, si kwa kila chuma kilichochakaa.

Basi ndugu, simama, zima, andika ulichokiona. Usitie sahihi karatasi yoyote ya deni mpaka injini ifunguliwe mbele yako na mbele ya mjumbe wa chama.