Bonasi ya chai si ya kulishia hoteli ya ufukweni

Oktoba bonasi ikiingia, kuna familia hapa Sigowet zitapanda basi hadi Dar, zivuke kwa boti mpaka Zanzibar. Poa sana. Lakini mbona ukifika huko unaona haya kula kibandani, wewe ambaye hapo Sondu unakula chapati maharagwe ukiwa umesimama?

Ati watoto wanataka menyu ya picha, mbele ya bahari. Watu watano, sahani moja moja na soda: hizo ni kilo ngapi za majani mabichi mama amebeba mgongoni? Na karo ya Januari haijui mlikuwa likizo.

Enda Darajani, tafuta urojo. Viazi, bajia, mishikaki, mchuzi mchachu wa embe, vyote bakuli moja. Mchana ingia Lukmaan pale Mkunazini, uonyeshe kwa kidole: wali wa nazi, samaki. Mkiwa bara, kuna mama ntilie.

Forodhani usiku? Twendeni, lakini uliza bei kabla mshikaki haujawekwa motoni. Na uliza kwa Kiswahili, tafadhali. Ukijifanya mtalii kwa Kizungu, utalipa kama mtalii, na usinitumie meseji ukilia.